Kopo Lisiloongezeka Uzito

Shangazi alikuwa mkuu wa maabara ya panya, na kwa usafi hakuwa na mpinzani. Wenzake walimwita Bibi Kitambaa, kwa kuwa hakuna chombo ambacho hakukitandikia kitambaa.

Ndivyo alivyoliharibu kopo la mkaa. Kazi ya kopo lile ilikuwa kunasa dawa ya usingizi waliyovutishwa panya, isije ikavutwa na wafanyakazi pia. Lilitakiwa lining'inie ukingoni mwa meza, maana hewa iliyochujwa ilitokea matundu ya chini. Yeye kuning'inia kule kulimkera, akalisimamisha mezani juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Kila asubuhi alilipima kwenye mizani. Kopo likinasa dawa huongezeka uzito, lakini la kwao halikuongezeka hata gramu moja, naye akajigamba kwamba wanafanya kazi kwa uangalifu. Uangalifu gani!

Aliyekaa mbele ya kisanduku cha kuwalaza panya usingizi, kilichounganishwa na kopo kwa mpira, ni binti wa kaka yake, ambaye Shangazi mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi. Alikuwa na mimba ya miezi miwili.

"Shangazi, kichwa kinaniuma tena. Halafu nasikia harufu tamu."

"Mimba hiyo, mwanangu. Mimba changa ina vituko."

Wiki ya tatu ya maumivu hayo mimba ikatoka.

Shangazi akashika zamu ya binti. Saa moja haikuisha, kichwa kikaanza kumgonga, na harufu tamu ikamjaa puani. Akaliinua kopo. Matundu yote yalikuwa yamejichora kwenye kitambaa. Hewa ilikosa pa kutokea, ikawa inarudi kisandukuni na kumvujia binti usoni.

Mchana uleule akaenda kwa binti, akamkuta amejilaza.

"Daktari anasema huenda tusijue sababu kamwe," binti alisema. "Ila mume wangu ameshaijua. Eti nilibeba ndoo ya maji."

Shangazi angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, na ndoo ilikuwa imeshabebeshwa lawama. Alitamani kunyamaza, jamani, alitamani sana. Akasimulia yote: kopo, kitambaa, mizani na majigambo yake.

Binti hakulia wala hakufoka.

"Mume wangu anarudi saa kumi," alisema. "Kaa, Shangazi. Utamwambia mwenyewe."