Sahihi za Matangani

Kama hujawahi kuomba watu sahihi katika mji ambao uchaguzi umekaribia, shukuru Mungu wako. Lorine aliomba, na alikiona cha moto.

Uwanja wenyewe ni ule wa netiboli ulioko ukingoni mwa Obunga, mtaa wa Kisumu, milingoti miwili iliyopinda na vumbi tupu. Bwana mmoja mwenye pesa zake alitaka kujenga maghala hapo, na kamati ya ardhi ikatangaza kwamba wenye pingamizi walete sahihi mia tatu kufikia Jumanne ya kikao. Mpita njia akitazama anaona malisho ya mbuzi. Lakini Lorine, na miaka yake sitini na minne na goti lake bovu, hapo ndipo alipowahi kuwa mtu. Alikuwa mfungaji wa timu ya kiwanda cha nyuzi, wakati kiwanda bado kinanguruma mchana na usiku. Jumamosi saa kumi mtaa mzima ulimwagika uwanjani. Nyuma kulikuwa na Celestine, mlinzi, mrefu kweli kweli, akiruka mpira haupiti. Katikati alikuwa Wangui, binti wa mwenye duka kutoka Murang'a, mfupi na mwepesi, na akishika mpira watu waliimba jina lake mpaka sauti zikauke. Baada ya mechi wote walinawa miguu kwenye bomba moja, wakala nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kutoka sufuria moja, Wangui akishikilia kwamba hiyo inaitwa githeri na wenzake wakimzomea. Ah, ujana. Uliondoka bila hata kuaga.

Basi Lorine akanunua daftari kubwa na kulipiga mistari: jina, mtaa, namba ya kitambulisho, sahihi. Akaazima kipaza sauti cha mhubiri, akasimama pale Mamboleo wanaposhukia abiria, amevaa sketi yake ya timu, ile ya buluu ambayo zipu ilikataa kabisa kufunga ikabidi pini. Watu walimzunguka, hilo lazima tuseme. Walicheka, wakapiga picha, na wazee wawili watatu wakakumbuka mabao yake wakataka kulia. Ila daftari likifunguliwa, umati unayeyuka. Unagombea kiti gani, mama? Nani amekutuma? Mmoja alitaka kujua kwanza kama kuna soda. Na hiyo namba ya kitambulisho ndiyo iliyoharibu mambo zaidi, maana kila mtu alikuwa na jirani aliyewahi kuitoa mahali, na kesho yake akajikuta mwanachama wa chama asichokijua.

Lorine si mjinga. Alipiga mistari upya: jina, anakotoka, maoni, sahihi. Kitambulisho akakitupa nje. Sahihi zikaanza kuja, kwa shida, moja moja. Baada ya wiki mbili za kupiga kelele sokoni, kanisani na kwenye makundi yote ya simu aliyoweza kuingia, alikuwa na themanini na saba.

Ya Wangui haikuwamo. Duka lake la misumari na mabati liko hapo hapo Mamboleo, na Lorine alimwendea kabla ya mtu mwingine yeyote. Wangui alimpa kiti, akamimina chai, akasoma daftari toka juu hadi chini, kisha akalifunga taratibu.

"Niambie nikubebee simiti mpaka kwako, nitabeba," alisema. "Lakini jina langu haliandikwi kwenye orodha yoyote katika mji huu. Na sababu unaijua."

Lorine aliijua. Mwaka ule mbaya wa baada ya uchaguzi, orodha ya maduka ya wageni yatakayochomwa ilipita mkono kwa mkono, na la Wangui lilikuwa la tatu. Alitoka Kisumu na watoto wawili na sanduku moja, na miaka mitatu baadaye akarudi kuanza upya na misumari ya kupimia watu kwa kilo. Lorine aliyajua yote hayo na bado alikasirika. Ndivyo tulivyo binadamu. Alitoka dukani akinung'unika kwamba urafiki wa miaka arobaini umeshindwa na kalamu.

Katikati ya pilikapilika hizo Celestine, aliyekuwa ameugua muda mrefu, akafariki. Walimzika nyumbani kwa mumewe Obonyo, huko Luanda Kotieno, siku ya Jumamosi, siku tatu tu kabla ya kikao. Lorine alifika na daftari lake kwenye mkoba. Tusimhukumu, siku hizo hata chooni alikuwa analo. Mlangoni mwa hema palikuwa na meza na kitabu cha rambirambi, akatoa daftari lake apate kalamu iliyokuwa katikati ya kurasa, akaliacha pembeni likiwa wazi, asaini, kisha akina mama wakamvuta akatoe heshima za mwisho. Alipomwona Celestine amelala kimya, miguu ile mirefu imefunikwa, alisahau daftari, uwanja na dunia yote. Alilia mpaka wakamketisha.

Sasa, kitabu cha rambirambi kilichukuliwa kikapelekwa kwenye hema la wageni wa heshima, na mezani likabaki daftari la Lorine, wazi, limepigwa mistari: jina, anakotoka, maoni, sahihi. Foleni ilikuwa ndefu. Nani angeuliza?

Lorine alilikuta saa nane, na moyo ukamlipuka. Kurasa kumi na moja zilikuwa zimejaa. Lala salama, dada. Nind gi kuwe, lala kwa amani, mlinzi wetu. Tutakukumbuka. Alihesabu kwa kidole, pamoja na zile themanini na saba: mia tatu na arobaini na mbili. Alilitia daftari mkobani, akafunga zipu, akaketi juu ya mkoba. Shetani hakuwa na kazi kubwa siku hiyo. Alimwambia tu kwamba hakuna atakayejua, na kwamba Celestine mwenyewe angefurahi. Lorine alikuwa ameshakubali. Kisha akafungua tena, kwa furaha tu ya kutazama, na akaona ukurasa wa tisa: Wangui Irungu, Mamboleo. Kwenye maoni alikuwa ameandika, Pumzika, nitakimbia kwa niaba yako.

Mwanamke aliyeapa kutoandika jina lake kwenye orodha yoyote alikuwa ameliandika, kwa sababu alidhani anaaga rafiki.

Liwalo na liwe, akajisemea, akaenda kuomba kipaza sauti. Alisema yote mbele ya jeneza, bila kujipamba. Waombolezaji walinung'unika, wengine wakaguna kwa hasira, naye akangoja kufukuzwa. Ni Obonyo aliyeinuka. Mzee yule alisema kwamba alimwona mkewe mara ya kwanza pale Obunga, akicheza, na kwamba jina lake yeye libaki, na asiyetaka aje afute lake, hakuna atakayemlaumu. Kama watu thelathini walikuja kufuta. Wa mwisho alikuwa Wangui. Hakumtazama Lorine. Alikata jina lake kwa mstari mmoja, kalamu ikapasua karatasi, akaenda zake.

Jumanne ukumbi ulijaa. Mwenyekiti wa kamati, kijana mwenye tai, alifungua daftari akasoma kwa sauti: "Lala salama, mama yetu." Akauliza kama wamekuja kutetea uwanja au kuzika mtu. Ukumbi mzima ulicheka. Lorine alisimama kueleza, akaanza na mazishi, akarudi kwenye mistari, akachanganyikiwa, na kicheko kikazidi. Aliketi. Alijua kwamba uwanja umekwenda, na aliona aibu hata kwa ajili ya marehemu.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwingine mwenye neno. Kiti kikakwaruza sakafu huko nyuma. Alikuwa Wangui, na aproni yake ya dukani.

Karani alimweleza utaratibu: anayezungumza hutaja jina lake kamili na anakoishi, yaandikwe, na orodha ya wasemaji hubandikwa nje mlangoni. Wangui aliutazama mlango. Lorine alimpungia mkono aketi, akae tu, kwa sababu ghafla aliona hakuna uwanja wenye thamani hiyo.

"Wangui Irungu," alisema. "Mamboleo, duka la pili kutoka barabarani." Alingoja karani aandike. Kisha akawageukia watu.

"Nilikimbia mji huu. Niliporudi, ndugu zangu kule Murang'a waliniuliza ninarudia nini, na sikuwa na duka tena wala nyumba. Niliwaambia ni biashara. Niliwadanganya. Kuna mahali pamoja tu ambapo Kisumu iliwahi kuita jina langu kwa furaha. Ni kwenye hilo vumbi mnalotaka kujengea maghala."

Hakuna aliyecheka. Lorine alikuwa ameinama, akilia kwenye kitambaa chake cha kichwa bila kujificha. Karani akauliza, kwa sauti ya chini, kama aandike na hayo.

"Andika," alisema Wangui, na hakuketi mpaka karani alipoweka kalamu chini.