Dawa Iliyotoweka Sakafuni

Kila asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaingizwa, Koki alijaza dawa ya usingizi kwenye mashine ya chumba cha upasuaji, katika hospitali ndogo mjini Voi. Leo chupa ilimteleza mkononi, ikapasuka sakafuni.

Dawa ilitanda kama maji, kisha ikaanza kutoweka mbele ya macho yake, isiache hata unyevu. Nyigu aliyekuwa akitambaa hapo kando alisita, akakunja miguu, akalala. Koki aliduwaa. Kila siku aliwalaza watu kwa dawa hii, lakini hakuwahi kuiona ikifanya kazi yake bila mashine, kimya hivyo, katika hewa ileile aliyoivuta yeye. Mkono wake ulijiendea wenyewe tumboni.

"Toka! Unataka tulale wote, mgonjwa aje atupasue sisi?" Mzee Mulinge, mkubwa wake, alifungua madirisha yote, akamvuta nje.

Walisubiri ukumbini hewa ibadilike. Baadaye Mulinge akavaa barakoa, akamnyooshea glavu.

"Haya, twende tukapanguse. Umevunja mwenyewe."

Koki alizishika zile glavu asizivae. Miezi mitatu alikuwa ameificha siri yake, akiogopa kuhamishiwa wodini, mbali na kazi aliyoipenda kuliko zote.

"Mimi siingii, mzee."

"Kwani unaogopa vipande vya chupa?"

"Siogopi vipande." Koki alimrudishia glavu. "Nina mimba. Sitaki hewa hiyo imfikie mtoto wangu."