Niufute Ama?

...na ni yeye, ni yeye kabisa, hakuna mwingine duniani anayevuta pumzi mahali pabaya vile, katikati ya ubeti wa tatu, pale Mwalimu Fred wa kwaya alipopiga meza akasema turudie, kisha umeme ukapotea na hawakurudia, na sasa Peris amesimama katika chumba cha kufulia, Sulimaniyah, Riyadh, pasi mkononi, kanzu ya bosi ya kwendea swala ya Ijumaa imenyooka upande mmoja tu, na sikioni mwake, chini ya mtandio, Peris wa miaka sita iliyopita anaimba sauti ya kwanza kwa raha zake, ee Mungu wangu, moyo unamrukaruka, angepiga vigelegele, lakini katika nyumba hii vigelegele mafi, hakuna, basi anacheka peke yake na mvuke wa pasi... na wimbo umetoka Jeddah! Ameutuma Selipher, anayelea pacha wa wenyewe huko Jeddah, hawajaonana uso kwa uso hata siku moja, wanajuana kwa kikundi cha maombi cha simu ambacho Peris ndiye admin wake, mkali kama pilipili, na kabla ya wimbo Selipher ametanguliza sauti ya woga, "Dada Peris, please usikasirike, najua rule ya group, nyimbo za kunakili hapana, lakini huu wimbo nilitumiwa na msichana wa hapa, naye alitumiwa, sijui ni wa nani, nimeusikiza siku tatu nikilia, ndio unaniamsha asubuhi, niufute ama?"

Niufute ama, maskini, hajui, hajui kwamba anayemwogopa ndiye anayemliza, na Peris anataka kumwambia, ulimi unamwasha, ni mimi, Selipher, ni mimi!... lakini ngoja, umefikaje Jeddah, kwaya ya watu kumi na wanne, CD ziliuzwa mlangoni pa kanisa zikaisha, kisha nani akanakili, akampa nani, wimbo umepita simu ngapi hadi kuvuka bahari bila pasipoti wala kibali cha ikama, na hakuna aliyeomba ruhusa, ni wizi, si alisema mwenyewe, "Usiibe ni usiibe, hata ukiwa Riyadh," mbele ya kikundi kizima, akimwambia Laban, dereva wa Olaya, mtu mpole, aliyekuwa ametuma albamu nzima mwezi jana na kuuliza tu, "Sasa dada, hapa nitazinunua wapi?" na Peris akamtoa kikundini kabla hajamaliza kuandika, akajisikia mtakatifu siku mbili nzima...

"Yalla, ya Beris! Kanzu!" madam anaita kutoka sebuleni, ulimi wake haujui P.

"Hadhir, madam, dakika moja!" na pasi inarudi kolani, na kidole kinarudi kwenye simu, usifute, usifute, mbona leo amri ya Mungu imelegea hivi, mkuki kwa nguruwe mtamu, ndiyo hayo, anaona aibu, na furaha haipungui hata kidogo, mali ni yangu nimetoa, anajiambia, lakini ni yake peke yake? Yuko Roselyne wa sauti ya pili, aliyekuja mazoezini kwa miguu na mtoto mgongoni, atasameheaje kwa niaba ya Roselyne? Aulizwe Fred, leo leo, jambo jepesi ambalo hakuna aliyelifikiria, wala Laban wala Peris hakimu wake, na waimbaji wa ile albamu ya Laban je, labda wangekasirika na wangekuwa na haki, labda wangecheka hivi hivi na pasi, hajui, hakuuliza, na Laban pengine naye alikuwa na wimbo wa kumwamsha asubuhi... akaandika, "Usiufute bado mpenzi, nauliza wenyewe," akatuma, na ile habari nyingine, ya sauti ya kwanza, akaimeza kwa shida kama kidonge bila maji, maana kuna mtu wa kutangulia kuambiwa.

"Beris!"

"Hadhir!" na kola bado ina mikunjo, na simu inaita huko Olaya, inaita, apokee, jamani, asipokee, apokee...

"Laban? Ni Peris, usikate. Nilikukosea, naomba unisamehe. Na kama uko na dakika mbili... nikusikizishe kitu."