Boriti za Lundup

...na sasa ameigonga boriti tena, udongo umedondoka ndani ya kikombe changu, chai ya siagi imekuwa matope, angekuwa mtu mwingine ningeshamwambia ashuke aende kwao, lakini Gyalson ndiye fundi pekee aliyebaki katika mji huu wa Leh anayejua kujenga paa la udongo, wengine wote siku hizi ni wa mabati, basi nasogeza kikombe, namtazama pale juu ya kigoda akichokonoa boriti ya juu ya jiko, kisu kinazama mpaka mpinini bila hata kusukumwa... "Ama-le, hii imekwisha. Na hii. Na ile kule. Ulikuwa unalala usingizi gani chini ya uozo huu?" Usingizi wa mjane, nono, mdogo wangu, usingizi wa kusikiliza tone likianguka kwenye sufuria, mvua imekatika tangu asubuhi na paa bado linadondosha, zamani mvua ya hapa ilikuwa ya kutuliza vumbi tu, mama mkwe akiona wingu anacheka, sasa kila Agosti inamwagika kama imekosea nyumba, udongo wetu haukuzoeshwa hivyo. "Kumi na mbili," anasema, futi yake inajirudisha kwa kishindo, "boriti kumi na mbili, fito za mwerebi za kununua kwa mafungu, udongo lori mbili, vibarua siku tisa na kula yao. Haya, boriti tunakata au unanunua?" Nimemwambia nanunua, nimejibu kabla hajafunga mdomo, kama mtoto aliyeulizwa nani kalamba sukari. "Unanunua! Elfu tatu na mia tano boriti moja, unazo hizo?" "Nitauza ng'ombe." "Utauza ng'ombe ununue miti, na mipopla kumi na miwili imesimama pale mferejini? Watu watanitukana mimi, Ama-le, watasema Gyalson kamla mjane mchana kweupe." "Ile si yangu." "Ya nani?" "Ya Lundup," nimesema, naye amekuna shingo, hakucheka tena, ni mtu wa hapa, anajua.

Maana nyumba hii ndivyo ilivyokuwa, akizaliwa mtoto wa kiume inapandwa mipopla kumi na miwili kwenye mfereji, mwanamume akikua inakatwa, linakuwa paa lake, na hizi zinazochokonolewa ni za Morup, mume wangu, baba yake alizipanda juma alilozaliwa, nililetwa chini yake nina miaka ishirini, nimezalia chini yake, Morup amefia chini yake, siku ya mwisho macho yako juu, midomo inacheza, nikadhani anasali, kumbe anahesabu, niliinama nikasikia, tisa, kumi, kumi na moja... "Na isitoshe inapita wakati," Gyalson anasema, sasa kwa upole, upole wake unaniudhi kuliko makelele, "nimeipitia nikija. Miwili imeshanenepa kupita kiasi. Iache baridi mbili tatu, itaoza moyo, utapata kuni." Nasikia, nono, nasikia, mimi si kiziwi, ni mama... Nilimpigia mwanangu Lundup wiki iliyopita, nikamweleza paa, akasema Ama weka mabati, nitatuma pesa, mabati, na aprikoti nianike wapi, jua la Januari nikaliote wapi, kwenye mteremko kama paka, lakini sikumwambia hayo, nilimuuliza amekula nini, akasema wali. Amenunua nyumba Bangalore, ghorofa ya nane, ana ghorofa nyingine sita juu yake, paa la mwanangu ni sakafu ya mtu mwingine, hata jina lake halijui. Na yule yule, akiwa na miaka minane, akitoka shule hapiti jikoni kwanza, anapita mferejini, baba yake alimfundisha, ushike mti kwa mikono miwili, vidole gumba vikutane, vya kati vikutane, vikikutana bado, visipokutana una boriti, basi naye anashika na kupiga kelele, Ama, bado! anashika wa pili, Ama, bado! kumi na miwili yote kila siku, nami huku napiga kelele, njoo ule, haitakua kabla ya chakula!... "Ama-le?" Ngoja, nono. Mti wa mwisho wa mfereji hukua polepole, maji hufika yamechoka, ndiyo maana mtu anapata muda wa kungoja, na mimi nimengoja, nimewaambia majirani mtoto amesahau tu, mji umemsahaulisha, alipokuja kiangazi cha juzi hakwenda hata kuitazama miti yake, nimelisema hilo mara nyingi mpaka nikaliamini, na ni uongo. Ni uongo, nilikuwa juu ya paa hili hili nageuza aprikoti, nilimwona. Alikwenda peke yake na viatu vyake vyeupe, akashika mti wa kwanza kama alivyofundishwa, vidole havikukutana, akakaa hapo muda mrefu, akashika wa pili, wa tatu, yote, hakuruka hata mmoja, kisha akafuta mikono kwenye suruali, akaingia ndani akasema, Ama, kuna chai? na alipokuwa anakunywa akaniambia tiketi yake ni ya Alhamisi. Nikammiminia kikombe cha pili. Hakusahau, alipima, akaona iko tayari, akaenda zake, na mimi niliona, nikainama nikaendelea kugeuza aprikoti zilizokwisha kugeuzwa. Inaniuma, nasema kweli inaniuma, kifua chote, afadhali angesahau. Kwa hiyo nilichokuwa nakilinda ni nini, miaka miwili, sufuria juu ya godoro, ng'ombe nusu auzwe, nilikuwa nalinda uongo wangu usikatwe. Na hakuna mtu katika nyumba hii aliyewahi kumpandia mti msichana, nimelala miaka arobaini na sita chini ya miti ya mume, sasa nitalala chini ya miti ya mwana ambaye hatalala chini yake, nitalala chali na mimi nihesabu...

"Ama-le, chai yako imepoa na mimi miguu inaniuma. Tunakata au unanunua?" Bado yuko juu ya kigoda, futi mkononi, tone linaanguka kwenye sufuria, lingine linajikusanya kwenye ncha ya fito, natazama mikono yangu mapajani, gumba na gumba, kidole cha kati na cha kati, vinakutana, hakuna mti kati yake, nitamjibu, namjibu sasa hivi, nitamwambia akate, na aanze na ule wa kwanza, ule Lundup alioushika muda mrefu.