Bi Torgunn Afuata Maji Yake

Sisi wa Kvernlia tuliuza mlima wetu kwa keki bapa. Msinibishie, nilikuwepo. Kampuni ya handaki la treni ilikuja ukumbini na chuma cha kuokea na jibini ya kahawia, na huku kwetu Norwe mtu hampingi aliyemwokea keki. Nilipouliza maji ya ardhini yatapita wapi mlima ukishatobolewa, meya wetu Asgeir alinambia nile kwanza. Mhandisi wao akasema mwamba wetu umeshikamana kama hiyo jibini. Watu wakapiga makofi, midomo imejaa. Majina yao ninayo kichwani, wafu kwa wazima.

Bi Torgunn, jirani yangu, hakupiga makofi. Bikizee huyu anaishi peke yake mlimani, bomba la wilaya halimfikii, na kisima chake kilichimbwa na babu yake. Kikikauka, wilaya itamshusha bondeni kwenye nyumba ya wazee, akaimbishwe nyimbo za watoto na kupanguswa mdomo.

Kikakauka. Baruti zilipofika chini ya shamba lake, maji yalifuata nyufa yakamiminika handakini kama mkojo wa ng'ombe. Mhandisi akasingizia kiangazi, na mvua ilikuwa imetuotesha ukungu mpaka kwenye chupi.

Wachimbaji walipochoka kuoga wakiwa kazini, kampuni ikasindilia saruji kwenye nyufa mpaka handaki likakauka. Kisima hakikurudi, maana saruji iliziba hata mkondo wake. Lakini maji hayana chama wala adabu. Ukiyazibia huku yanazunguka kule. Yakauzunguka mlima, yakaibukia chini ya nyumba mpya ya Asgeir, kwenye bafu lake la mvuke.

Bi Torgunn aliposikia, akachukua ndoo mbili akashuka. Nilimfuata, raha kama hiyo haisimuliwi. Asgeir alifungua mlango suruali imelowa hadi magotini.

“Asgeir mwanangu, nimefuata maji yangu.”

“Yako vipi, Bi Torgunn? Si yamo kwangu?”

“Ng'ombe wangu akiingia kwako anageuka wako?”

Asgeir akajikuna, akamwambia kwa upole kwamba kule kwa wazee ameshamwekea kitanda, na maji ya moto yapo.

“Kalale wewe, baba. Yangu ni nyumba isiyo na maji, yako ni maji yasiyo na nyumba.”

Akapita ndani na mabuti yake ya tope. Kwetu hata polisi huvua viatu mlangoni. Mke wa Asgeir alishika ukuta.

Bi Torgunn alirudi kila asubuhi, tope lilelile, zulia lilelile. Baraza la Asgeir, lililoapa halina fedha za bomba, likazipata, na maji yakapanda mlimani kabla ya theluji. Bi Torgunn anasema yana ladha ya saruji. Analalamika kutwa, amekaa jikoni kwake.