Enduru ya Uvimbe

Harufu ilimpokea Kemirembe kabla hajafika uani: tamu, nzito, kama ndizi mbivu zilizooza shimoni pamoja na panya. Akameza mate asitapike.

Ndani, shangazi yake Laurensia alikuwa ameegemea ukuta, ziwa la kushoto li wazi. Uvimbe ulikuwa umepasuka tangu Pasaka, na jani la mgomba lililoufunika lilichuruzika usaha. Mbele yake alichuchumaa Byarugaba, mpiga sindano wa Kiruruma, akivuta kwenye bomba majimaji ya kijivu kutoka chupa ya soda. Inzi akatua juu ya sindano. Byarugaba akampuliza kwa mdomo.

"Shikamoo," Kemirembe alisema kwa sauti ndogo. Hata kwa mtu huyu alishindwa kukosa adabu.

"Marahaba, daktari wetu! Leo tunafanya ile ya kwako, ya enduru."

Kweli yalikuwa maneno yake. Likizo iliyopita, alipokuwa bado anasomea maabara chuoni, alimsimulia shangazi aliyoyasikia kwa mwalimu. Ng'ambo wanaingiza jeni kwenye uvimbe wa panya, nao uvimbe wenyewe unatoa ishara, kama enduru, ule ukelele wa hatari unaomtoa kila jirani nyumbani. Askari wa mwili wakiusikia, wanakuja kuula uvimbe. Lakini wako panya ambao miili yao ni viziwi kwa ishara ile. Kwa hao jeni hulia bure, na uvimbe hunenepa. Alisimulia kumliwaza tu. Shangazi akasimulia kisimani, na kisima hakina mlango.

"Humo mna nini?" Kemirembe aliuliza.

"Pilipili, maji ya betri kidogo, na mengine ya siri. Uvimbe ukiwashwa, utalia wenyewe!" Byarugaba akacheka, akakohoa, akafuta kamasi kwa mkono ule ule ulioshika bomba.

"Mwache, mwanangu," shangazi alisema. "Afadhali hii kuliko kisu cha hospitali."

Byarugaba akalibandua jani. Kemirembe, ambaye bwenini alikuwa radhi alale njaa kuliko kuomba ukoko, alikimbilia mlangoni, akapaza sauti, akapiga enduru.

Majirani wakaja. Asiyeitika enduru naye hataitikiwa siku yake. Wakaja mbio na mapanga na marungu, wakafika mlangoni, wakaziba pua.

"Mwizi yuko wapi?"

"Huyu hapa. Anataka kumchoma shangazi maji ya betri."

Wakatazamana. Mmoja akatema mate. Mwingine akasema, "Aa, kumbe ni mambo ya ugonjwa," akaanza kurudi nyuma. Kemirembe akawatazama wale wanaume wazima na vidole vyao puani, na kinyaa alichokuwa nacho kwa kidonda kikawahamia wao. Wamesikia, na bado hawaingii.

Ndipo Anonciata, kibarua wa kibanja cha migomba cha jirani, akapenya katikati yao. Akamnyang'anya Byarugaba bomba, akalimwaga majivuni.

"Celestin!" akamwita mumewe. "Enduru haiitikiwi kwa pua. Lete machela!"

Celestin akaondoa mkono usoni, akaenda. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, kwa aibu. Byarugaba akakwapua chupa yake, akatokomea migombani.

Njiani kwenda hospitali, machela ikiyumba mabegani mwa wanaume wanaopumua kwa mdomo, shangazi akamshika mkono.

"Huko wataniwekea ile enduru?"

"Hapana, shangazi. Hiyo bado ni ya panya. Huko watakata."

Walipovuka bonde, Laurensia akaukaza mkono wa Kemirembe.

"Basi wakate."