Kipande cha Paja la Fumie

Tazuko Kuramochi alikuwa fundi wa maabara kule Chiba, miaka kumi na tisa hajaharibu kitu. Siku aliyoharibu, akaharibu nyama ya mdogo wake mwenyewe.

Fumie alikuwa anaishiwa nguvu, hata ngazi zilimshinda, na mama mkwe wake hakuchoka kumsema: "Mvivu wa kuzaliwa huyo!" Profesa Hirafuji, mkuu wa maabara ya Tazuko, alishuku kuwa imekatika ile protini ya msuli, kubwa kupita zote mwilini. Upande mmoja imeng'ang'ania ukuta mdogo ulio ndani ya msuli, upande wa pili imelala juu ya uzi mnene wa msuli, na msuli ukivutwa, protini hiyo huurudisha uzi mahali pake, kama mpira wa kiunoni mwa suruali. Ikikatika, nyuzi zinakwenda ovyo. Basi daktari akamkata Fumie kipande cha paja, kidogo kama punje mbili za mchele, kikaletwa maabara kwa Tazuko.

Siku hiyo ilikuwa ibada ya sungura. Kila mwaka maabara nzima hutoka kwenda kwenye jiwe la ukumbusho, kuwafukizia ubani na kuwaomba radhi sungura waliokufa kwa ajili ya kazi. Tazuko hajawahi kukosa. Aliacha kipande juu ya barafu, akisema narudi sasa hivi. Hotuba zikawa ndefu. Aliporudi, barafu ilikuwa maji ya uvuguvugu. Akaweka nyingine, akanyamaza.

Protini ile ikipata joto hukatikakatika. Walipoipima, juu kabisa ya jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, pale inapokaa ikiwa nzima, palikuwa patupu. Chini, vipande vitupu.

"Tumeupata ugonjwa!" alisema Profesa, akampigia Fumie simu papo hapo.

Tazuko alipofika kwa mdogo wake alimkuta anacheka peke yake.

"Dada, umesikia? Imekatika! Nimemwambia mama mkwe, kimya! Sasa nani mvivu?"

Lo, Tazuko alivyoumia! Alitamani amwache na furaha yake, lakini wangemtibu ugonjwa ambao huenda hakuwa nao.

"Fumie, mimi ndiye niliyeikata. Nilikuwa nawainamia sungura, barafu ikayeyuka. Ugonjwa wako bado hatuujui."

Fumie aliacha kucheka.

"Sungura," alisema. "Umewaomba radhi sungura."

Tazuko aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Fumie akapandisha sketi, akautoa mguu wa pili.

"Waje wakate tena. Ila wewe ndiye utakayewaonyesha palipobaki nyama."

Tazuko akapapasa paja lile kutoka gotini kwenda juu. Akarudia tena, polepole. Hakupapata; ngozi na mfupa tu.